Mzee Anasema "Wacha Ile Ile": Jibu kwa Dizaina wa Lamu

Swali:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nafanya dizaini za nembo, mabango na tovuti. Kuna mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu yangu, ana gesti ya vyumba saba kule Mkomani, mtaa wa mji huu huu. Mwanawe anayeishi Mombasa alinipa kazi ya kuitengenezea gesti nembo mpya, kibao, menyu na tovuti, na arubuni akanitumia. Nembo waliyo nayo ina jahazi, mnazi, punda, mwezi na nyota, vyote vimebanwa ndani ya duara moja, na jina limeandikwa kwa herufi za kujipindapinda ambazo mgeni hawezi kuzisoma. Nimempelekea Mzee michoro mitatu tofauti. Kila mara anatazama, anasema 'mashaallah, kazi nzuri', kisha anamalizia, 'lakini wacha ile ile'. Mwanawe ananiambia niendelee tu, baba atazoea. Mimi siwezi kumvunjia Mzee heshima, na pesa nishazipokea. Mteja akikataa mabadiliko yaliyokwisha kulipiwa, unamfanyaje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulifuata shauri la yule mwana. Nimeona kazi kadhaa za dizaini zikivunjika kwa neno hilo hilo la "endelea tu, atazoea". Kibao kinatundikwa mwenyewe akiwa safarini, anarudi, kinashuka siku ya pili, na dizaina hapiti tena njia ile.

Soma tena ulichoniandikia. Mzee ameisifu michoro yako mara zote tatu. Hana shida na mkono wako. Linalomkaa rohoni ni kuondoka kwa ile ya zamani, na hilo haliponi kwa mchoro wa nne. Hata ukipeleka wa kumi utasifiwa na kurudishiwa. Kwa hiyo acha kuchora kwanza.

Tazama pia nafasi uliyompa ya kujibu. Umekuwa ukifika na kazi iliyokamilika, rangi zimeshapakwa, herufi zimeshachaguliwa. Mtu akiwekewa mbele kitu kilichokwisha hubaki na majibu mawili, akubali au akatae. Hana pa kusema "hiki kibaki, hicho kingine sikijali". Na kwa kuwa wewe ni mjukuu wa rafiki yake, hawezi kukukatalia kwa ukali, basi anakupa mashaallah na kufunga mazungumzo. Wewe nawe, kwa heshima, huulizi kwa nini. Mnastahiana, na katika kustahiana huko neno lenyewe halijasemwa.

Usidhani huu ni ukaidi wa wazee wa Mkomani. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba mtu huumizwa zaidi na kupoteza kuliko anavyofurahishwa na kupata kitu cha thamani ile ile. Makadirio yao ya baadaye yaliuweka uzito wa hasara kuwa kama mara mbili ya uzito wa faida. Mwaka 1988 wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser waliwapa watu machaguo ya kila namna, wakaona kwamba chaguo lile lile huvuta watu wengi zaidi likielezwa kuwa ndilo lililopo tayari. Hao hawakuwa wazee wa pwani, na bado walishikilia kilichopo. Katika kazi yetu, wewe unamwonyesha Mzee atakachopata, naye kimoyomoyo anahesabu atakachopoteza, na hesabu yake inataka faida mbili kwa kila hasara moja. Hasara hizo bado huzijui, kwa sababu hajaulizwa.

Hapa Malindi niliwahi kufanya kazi na mwenye mkahawa karibu na barabara ya ufuoni. Kibao chake kilikuwa cha manjano, manjano kali ya kuchoma macho, na maandishi mekundu juu yake. Kila rangi niliyompendekezea aliikataa. Nikimuuliza sababu, ananijibu, "Naipenda tu." Siku moja nimekaa pale nje namsubiri, ikasimama tuktuk yenye Wataliano wawili, dereva akanyoosha kidole: "Giallo! Ni hapa." Giallo ni manjano kwa Kitaliano. Nikamfuata nikamuuliza kwa nini hakutaja jina la mkahawa. Akasema jina halijui, na wenzake wengi wa tuktuk na bodaboda hawalijui. Wao wanapajua kuwa ni kwa kibao cha manjano, na mwenyewe akipigiwa simu na wageni huwaelekeza hivyo hivyo, mwambieni dereva kibao cha manjano. Rangi ile ilikuwa ndiyo anwani yake, na hakuwa na maneno ya kunieleza hilo kwa lugha ya dizaini. Tuliiacha manjano ile ile, hata rangi ya kopo tukaifananisha na ya kibao cha zamani. Herufi tukazibadilisha, picha za kamba na pizza tukaziondoa, namba ya simu ikakuzwa ikasomeka toka ng'ambo ya barabara. Alikubali yote siku hiyo hiyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mteja wako amelala na biashara ile miaka mingi, na baadhi ya anayoyajua hayatoki kwa maneno. Yanatoka kwa "hapana".

Na hofu yake ina msingi, hata kwa kampuni kubwa. Mapema mwaka 2009 PepsiCo ilibadilisha pakiti za juisi ya Tropicana huko Marekani. Pakiti ya zamani ilikuwa na picha ya chungwa lililochomekwa mrija. Waliiondoa, wakaweka picha ya glasi ya juisi na jina likageuzwa herufi na mkao. Ndani ya wiki chache mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, na kabla Februari haijaisha kampuni ikatangaza kurudisha pakiti ya zamani. Juisi ndani ilikuwa ile ile. Mnunuzi alipita mbele ya rafu, macho yakatafuta chungwa lenye mrija, hayakuliona, akachukua juisi nyingine au akadhani yake imekwisha. Walioidhinisha mabadiliko yale walikuwa na fedha na wataalamu. Mzee wako ana vyumba saba. Akipoteza wageni wa msimu mmoja kwa ajili ya mchoro, hana rafu nyingine ya kurudia.

Sasa rudi kwake, na kompyuta iache nyumbani. Usimfuate barazani akiwa na wenzake. Pale akiulizwa kuhusu nembo yake mbele ya rika lake, atalazimika kuitetea, na akishaitetea hadharani hataweza kuilegeza kesho. Mwendee nyumbani au pale gesti, wakati hakuna mgeni anayeingia wala kutoka. Usianze na kazi, anza na gesti yenyewe. Muulize ilianzaje, mgeni wa kwanza alikuwa nani, jina alilitoa wapi. Kisha ndipo uulize: "Babu, hii nembo ilichorwaje?"

Swali hilo la mwisho lipe muda. Huenda ukaambiwa ilichorwa na ndugu yake ambaye sasa ni marehemu, au na mkewe kwenye karatasi ya daftari. Ikiwa hivyo, umekuwa ukimwomba afute mkono wa mtu wake, na wewe hukujua. Huenda lile jahazi ni chombo ambacho familia ilikuwa nacho. Na ule mwezi na nyota, ambao katika macho ya dizaina ni pambo lililozidi, huenda ndio unaomfanyia kazi kubwa kuliko vyote: unamwambia mgeni kabla hajauliza kwamba hii ni nyumba ya Waislamu, pombe haiingii. Ukiuondoa, Mzee ataanza kupokea wageni wanaotaka bia mezani, na atapata tabu ya kuwaeleza mmoja mmoja jambo ambalo nembo ilikuwa ikilisema kimya kimya. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui bado, na mambo kama haya hayapatikani kwa kuitazama picha.

Ukimaliza hapo, muulize nani angelalamika nembo ikibadilika. Atakutajia watu: wageni wanaorudi kila mwaka na kadi ya zamani mfukoni, nahodha anayewavusha kutoka kisiwa cha Manda, yule kijana anayewapokea jetini akiwa amevaa fulana yenye nembo. Andika majina yote. Halafu muulize kitu gani ndani ya nembo, menyu au kibao ambacho yeye mwenyewe hakipendi. Dizaina wengi huliacha swali hili kwa sababu wanadhani mteja anayekataa mabadiliko anapenda kila kitu alicho nacho. Si kweli. Nimeuliza swali hili kwa wateja wa kila aina, na karibu wote wana kero waliyokaa nayo muda mrefu: wageni wanaolitamka jina vibaya, namba ya simu iliyokufa bado imo kwenye kibao, bei za zamani zimefutwa kwa kalamu kwenye menyu. Mabadiliko yatakayopita bila vita yamo katika kero hizo. Anza nayo.

Kuna jambo jingine ambalo linaweza kuwa ndilo kiini chote, na hapa nataka uwe mwangalifu. Aliyekupa kazi ni mwana. Aliyeulizwa mwishoni ni baba. Je, Mzee alishauriwa kabla ya wewe kuitwa, au alikuona tu siku moja umekuja na michoro ya kubadilisha nyumba yake? Ikiwa hakushauriwa, huenda ile "wacha ile ile" haikuelekezwa kwako. Anamjibu mwanawe aliyetuma pesa na amri kutoka Mombasa, na wewe umesimama katikati. Hilo huwezi kulitatua kwa rangi wala herufi, na usijaribu kulibeba. Mpigie mwana simu, usimtumie ujumbe, umwambie kwa adabu: "Kaka, kazi ninaiweza, ila Babu anahitaji kuisikia kutoka kwako kwanza. Zungumza naye, umuulize yeye anataka nini kwa gesti yake, kisha mnipe neno moja." Kama Maulidi au Idd iko karibu na mwana atakuja nyumbani, subiri wakae wote wawili. Mazungumzo ya dakika chache ana kwa ana yatakuokoa na sauti nyingi za WhatsApp zinazopingana. Wakiafikiana, liandike neno hilo kwa ufupi na uwatumie wote wawili: nini kinabaki, nini kinabadilika, nani ana kauli ya mwisho. Kama kauli ya mwisho ni ya Mzee, basi iwe ya Mzee hata kama mlipaji ni mwingine.

Ukiwa umeshasikia yote, ndipo ugawe kazi. Fikiria leso. Kila mwaka madukani huja leso mpya, na bado mama zetu huitambua kuwa leso kwa sababu pindo lipo, mji upo, jina lipo mahali pake. Mchoro wa mji hubadilika upendavyo, umbo lenyewe haliguswi. Nembo ya Mzee nayo ina umbo lake lisiloguswa, na kazi yako ni kulijua ni lipi. Kwa kukisia tu kutokana na maelezo yako, ningesema ni duara, jahazi, na labda mwezi na nyota. Mnazi na punda sina hakika navyo. Herufi ndizo zinazomdhuru, na hizo ndizo ningezipigania.

Utazipigania vipi mbele ya mtu mzima usiyeweza kumbishia? Usibishe naye, mwache aone. Piga picha ya kibao kwa simu, nenda jetini wageni wanaposhuka kwenye boti, umwonyeshe mmoja mmoja kwa muda mfupi, kisha uifiche simu na umwombe alitamke au aliandike lile jina. Huhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa usomekaji wa tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya ukurasa, na kwa kibao cha gesti naona watano wanatosha pia. Karatasi walizoandika zihifadhi. Halafu usimpelekee Mzee kama hakimu anayesoma hukumu. Mpe karatasi zile mkononi, umwambie hawa ni wageni waliojaribu kulisoma jina la gesti, kisha unyamaze. Akiona jina lake limeandikwa kwa namna tano na hakuna iliyo sahihi, atasema mwenyewe. Ile "umeona sasa, Babu?" ibaki tumboni mwako. Ukiitoa, umemshinda, na mtu mzima aliyeshindwa na kijana hatakubali kitu kingine chochote siku hiyo.

Simu nayo ni shahidi mzuri. Weka nembo ya sasa kama picha ya WhatsApp ya gesti, umpe Mzee simu aishike. Ndani ya kiduara kile kidogo punda anageuka doa na jina linapotea kabisa. Wageni wengi wa siku hizi huiona nembo kwanza kwa ukubwa huo, kabla hawajafika Lamu. Hapo unaweza kumweleza kwamba gesti inahitaji sura mbili za nembo ile ile: kamili kwa kibao na fulana, na ndogo yenye jahazi peke yake kwa simu. Hakuna kilichofutwa. Mara nyingi ruhusa ya kuwa na sura mbili ndiyo inayofungua njia, kwa sababu hasara imeondoka mezani.

Kuhusu mpangilio wa kazi, kibao kiwe cha mwisho. Kibao ndicho kinachoonwa na majirani, na kikibadilika Mzee atajibu maswali akienda na akitoka msikitini. Anza na vitu visivyo na macho ya mji. Menyu inaweza kubadilika kesho na hakuna atakayeuliza. Tovuti vilevile. Weka picha za vyumba zilizopigwa mchana dirisha likiwa wazi, namba ya simu yenye +254 mbele, kitufe cha WhatsApp, na maelezo ya mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Manda: avuke kwa boti gani, ashukie wapi, nani atampokea, kwa kuwa mjini hakuna teksi ya kumfikisha mlangoni. Nembo ya zamani iache juu ya ukurasa kama ilivyo. Herufi za tovuti ziwe nyeusi au karibu na nyeusi juu ya mandhari nyeupe. Kanuni za kimataifa za usomekaji wa kurasa, WCAG, zinataka uwiano wa mng'ao wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na mandhari yake, na zipo programu za bure za kupima. Wageni wakianza kuulizia vyumba kupitia ukurasa huo, Mzee atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kukuamini, na hutalazimika kumshawishi tena kwa maneno.

Ndipo uje kwenye nembo. Usichore mpya, chora ile ile upya. Duara lile lile, jahazi lile lile likielekea upande ule ule, lakini mistari imesafishwa na herufi zinasomeka. Jahazi usilichukue mtandaoni, tafadhali. Picha nyingi zinazouzwa huko zimechorwa na watu wasiowahi kukiona chombo cha kwetu. Umo katika mji ambao mtu anaweza kwenda kijiji cha Matondoni na kuwakuta mafundi wanaunda vyombo, na hao wataona mara moja kama omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, vimegeuzwa, au foromali, ule mti unaoshika tanga, imekaa pasipo pake. Mzee naye ataona. Mpelekee rasimu ya penseli kwenye karatasi, na umwombe aikosoe. Penseli inamwambia kuwa kazi haijafungwa. Akisema tanga limelegea, lichore upya palepale mbele yake. Hiyo ndiyo nafasi aliyokosa mara tatu za mwanzo.

Mkiafikiana juu ya mchoro, chapisha kwa ukubwa kamili wa kibao, hata kwenye karatasi za kawaida zilizounganishwa kwa gundi, uitundike ndani ya gesti, ukumbini au karibu na meza ya mapokezi, kando ya ile ya zamani. Usiulize maoni siku hiyo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kadiri wanavyokiona mara kwa mara, hata bila kuelezwa lolote juu yake. Mzee atapita mbele yake kila siku, wageni watasema neno, wafanyakazi watasema neno. Rudi baada ya wiki moja au mbili. Kwa njia hii lile "atazoea" la mwana linatimia, lakini Mzee akiwa na uwezo wa kuishusha muda wowote. Tofauti hiyo ni kubwa. Kuzoea kitu ambacho una ruhusa ya kukikataa na kuzoea kitu ulichowekewa kwa nguvu si jambo moja.

Kuna mambo machache ya kibao chenyewe ambayo nakusihi uyaangalie, kwa sababu dizaina wengi huyachora kwenye skrini na kusahau ukuta. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba, mtu hasimami mbele ya mlango akautazama kwa mbali. Anakuja kutoka ubavuni, akitazama chini asikanyage kinyesi cha punda. Kibao kilicholala ukutani hatakiona hadi ameshakipita. Kidogo kilichotokeza kwa upande kinamfaa zaidi kuliko kikubwa kilichobandikwa. Chuma huliwa na hewa ya chumvi, mbao ngumu hudumu, na mafundi wa nakshi unao hapo hapo mjini. Tena kibao cha mbao kilichochongwa kitamkaa Mzee rohoni kuliko plastiki yoyote utakayochapisha. Na kabla ya kutoboa ukuta, pita kwenye ofisi ya hifadhi ya mji, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kuta zile ni za matumbawe na chokaa, hazipendi msumari wa kukurupuka.

Msimu nao uzingatie. Usimguse mteja wa gesti mwezi wa Disemba, wala wiki za Maulidi katika Mfunguo Sita, mji unapojaa wageni na kila mtu ameshika lake. Mvua za masika, kuanzia Aprili hadi Juni, vyumba vikiwa vitupu, ndipo mtu huwa na nafasi ya kufikiri na kupaka rangi. Neno lile lile linaloitikiwa "hapana" Disemba huitikiwa "tuone" mwezi wa Mei.

Juu ya pesa, mweleze mwana waziwazi kwamba michoro mitatu imekwisha fanywa na kwamba kinachofuata kina mipaka. Arubuni uliyopokea ni ya kazi, na kazi umeifanya, kwa hiyo usijione mdeni. Lakini usiendelee kuchora bila makubaliano. Kwa kazi zijazo, andika tangu mwanzo ni marekebisho mangapi yamo katika bei, la ziada linagharimu kiasi gani, na ni nani atakayesema ndiyo. Ukikuta anayelipa na anayeamua ni watu wawili, usipokee hata shilingi kabla hujawaona wote.

Inawezekana pia, baada ya yote haya, Mzee akasema bado anataka ile ile, nzima, na punda wake. Akiwa ameiona hasara kwa macho yake, amezisoma karatasi za wageni, na bado anaichagua kwa sababu ni mkono wa marehemu, mimi ningemwachia. Ningeichapisha ile nembo ya zamani vizuri kuliko ilivyowahi kuchapishwa, ningeliweka jina kwa herufi zinazosomeka nje ya duara, chini yake, na ningeihesabu hiyo kuwa kazi kamili ya dizaini. Gesti ni yake. Wapo wenzetu watakaosema hapo umeshindwa, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ningekataa kazi kwa jambo jingine kabisa: mteja akitaka picha za baraza inayotazama bahari ilhali chumba kinatazama ukuta wa jirani, au akitaka nembo ya gesti nyingine igeuzwe rangi iwe yake. Huko ni kumdanganya mgeni, na jina litakaloharibika ni lako pia. Kwa ulivyomweleza Mzee wako, sioni dalili ya hayo.

Basi wiki hii usifungue programu yoyote ya kuchora. Piga picha mbili za kibao cha sasa, moja ukiwa mbele yake na moja ukiwa mwanzo wa kichochoro, asubuhi na jioni ikiwezekana. Nenda ukamsikilize Mzee, kisha umpigie mwana. Ukipata jibu la nani aliichora nembo na ule mwezi na nyota uliwekwa kwa sababu gani, niandikie pamoja na picha hizo, nami nitakuonyesha herufi zipi zinakaa vizuri ndani ya duara la ukubwa ule.